Goma: Mwezi mzima nimesoma vitabu juu yetu, sasa tuandike sisi wenyewe



Mwezi wa saba wa mwaka 2024, shule zilipofunga, nilijipa kazi moja ambayo jamaa zangu waliicheka. Nilisema nitasoma vitabu vya mambo ya kweli tu, vinavyohusu nchi yetu. Hakuna riwaya, hakuna hadithi za kubuni. Kimoja niliazimwa na mwalimu mzee wa hapa Goma aliyeacha kazi zamani, vingine nilivisoma kwenye simu, usiku, umeme ukikubali. Nilipanga vitano. Vinne nimevimaliza. Cha tano, Historia ya Kongo ya profesa Isidore Ndaywel è Nziem, ni kinene kuliko tofali na nimeishia katikati.

Mwezi umeisha na ninawaletea hesabu. Lakini nawaonya mapema: sileti sifa za vitabu. Naleta lawama, na lawama ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.

Nianze na vijiti. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Adam Hochschild, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1998, juu ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji na damu iliyomwagika kwa sababu ya mpira. Ndani yake nimekutana na chifu mmoja anayeitwa Lontulu. Mwaka 1904 na 1905 tume ya uchunguzi ilipita huku Kongo kusikiliza raia, kwa sababu kelele za Ulaya zilikuwa zimemshinda mfalme. Chifu Lontulu akafika mbele ya tume hiyo na vijiti 110. Akaviweka mezani kwa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Halafu akaanza kutaja majina, kijiti kwa kijiti.

Usiku ule nilizima simu nikalala bila usingizi. Mzee yule hakusema "watu wengi wamekufa". Hakusema "karibu mia moja". Alitaja majina.

Mimi ni mwandishi wa habari za mtaa kwa miaka sasa. Kesho yake nilifungua kaye zangu za zamani, zile ninazoandikia habari kabla ya kuzituma. Nimeona nini? "Watu saba wameuawa." "Nyumba ishirini zimechomwa." "Familia nyingi zimehama." Kurasa kwa kurasa, hesabu juu ya hesabu, na majina karibu hakuna. Mimi mwenye biki, kaye na simu nimefanya kazi ndogo kuliko mzee aliyekuwa na vijiti. Wale saba walikuwa na baba na mama. Kuna aliyekuwa fundi seremala, kuna aliyekuwa anasukuma chikudu, kuna mtoto aliyekuwa anajua kuimba. Niliwaweka katika namba moja nikaendelea na habari nyingine.

Sasa sikilizeni kilichofuata kwa chifu Lontulu, maana hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Ushahidi wa raia mbele ya tume ile uliandikwa. Lakini ripoti ilipotoka, maneno yenyewe ya Wakongomani hayakuchapishwa. Yalifungiwa kwenye makabati ya Bruxelles, na watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma kwa uhuru hadi miaka ya 1980. Yaani miaka inayokaribia themanini! Waliosema walikufa, watoto wao wakafa, wajukuu wakazeeka. Na mwaka 1908, Leopold alipokuwa anaikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, matanuru yaliwaka siku nane mwezi wa nane, yakichoma karatasi za utawala wake. Mfalme ambaye hakuwahi kukanyaga udongo wa Kongo aliogopa karatasi za Kongo.

Ndugu zangu, mtu hachomi kitu kisicho na nguvu. Sisi tunasema karatasi ni ya kufungia karanga. Wale waliotutawala walijua karatasi ni nini. Kabla ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, watu wa Leopold walizunguka na mikataba, mamia ya mikataba, wakawapa machifu waweke alama ya msalaba chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Nchi ikaenda kwa karatasi. Na kilichoanza kumuangusha Leopold ni karatasi pia: karani mmoja wa kampuni ya meli, E. D. Morel, alitazama hesabu pale bandari ya Antwerp akaona meli zinakuja zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zinarudi Kongo na bunduki na risasi. Akajiuliza: hawa watu wanalipwa nini? Alijibiwa na daftari la bandari.

Kitabu cha pili kilikuwa cha Ludo De Witte, Mbelgiji, juu ya kuuawa kwa Patrice Lumumba tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 huko Katanga. Kilitoka mwaka 1999. Alichofanya De Witte ni kukaa na telegramu na barua za serikali, moja baada ya nyingine. Baada ya kitabu hicho bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwaka 2001 tume ikasema kuna mawaziri na wakubwa wengine wa Ubelgiji wenye daraka la kimaadili katika kifo kile. Mwaka 2002 serikali yao ikaomba msamaha. Miaka arobaini ya vilio vyetu haikuwa imefika huko. Sisemi haki imetendeka. Jino moja tu la Lumumba ndilo lililorudi mwaka 2022. Nasema tu kwamba bunge lilisukumwa na kitabu.

Cha tatu si kitabu cha duka. Ni ile ripoti ya Umoja wa Mataifa tunayoiita Ripoti ya Mapping, iliyotolewa tarehe 1 mwezi wa kumi 2010. Kurasa zaidi ya 500, matukio 617, kuanzia mwaka 1993 hadi 2003. Nimeisoma kwa Kifaransa, jioni kwa jioni, na mara nyingi nilikuta kijiji ninachokijua. Mimi niliyezaliwa huku nimejifunza mambo ya jirani zangu kwenye karatasi iliyotolewa Geneva. Daktari Mukwege aliitaja ripoti hiyo mbele ya dunia nzima huko Oslo mwaka 2018, akalalamika kwamba imeachwa ioze kwenye droo. Mahakama ya kimataifa iliyotarajiwa haijaja. Lakini niwaulize: katika nyinyi mlioona kwa macho yenu yaliyoandikwa mle, ni wangapi mmeisoma? Ni wangapi mmesomewa hata ukurasa mmoja kwa lugha mnayoota nayo usiku?

Hapo ndipo ninapowashika wakubwa. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, na kwamba serikali itaziendeleza bila ubaguzi. Kipengele cha 142 kinaenda mbali zaidi: sheria ikishatangazwa, serikali inapaswa kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne ndani ya siku sitini. Siku sitini! Nitajieni sheria moja mliyoletewa kwa Kiswahili ndani ya siku sitini. Nitajieni moja mliyoletewa ndani ya miaka sitini. Wakati wa kampeni wanakuja na Kiswahili kitamu, wanacheza ngoma, wanakula sombe pamoja nasi. Wakifika Kinshasa, mambo yetu yanaandikwa kwa lugha ambayo mama wa Bulengo hawezi kuisoma, halafu anaambiwa kutojua sheria si utetezi.

Ninawashika na watafiti pia. Kila mwezi walikuwa wanakuja kambini na karatasi za maswali. Umetoka wapi, umepoteza nani, unalala wangapi katika hema. Mama anaacha foleni ya maji, anajibu saa nzima, anarudia siku mbaya kuliko zote za maisha yake kwa mtu asiyemjua. Karatasi inaondoka. Inakuwa kitabu, inakuwa shahada ya udaktari, inakuwa mkutano hotelini. Mama hajui imesema nini. Sisemi wote ni wabaya; bila baadhi yao nisingekuwa na kitu cha kusoma mwezi ule. Ninachosema ni hiki: deni ni deni. Mwenye kuchukua maneno ya mtu ayarudishe, kwa Kiswahili, hata kurasa kumi tu, hata kwa sauti kwenye redio ya jumuiya. Tusikubali tena kuhojiwa na mtu asiyeahidi kurudi.

Kuna wengine wanatuambia Wakongomani hawasomi. Neno hili linanichoma, na nimelisikia hata midomoni mwa wasomi wetu. Kitabu cha nne kinalijibu. Mwaka 1965, kule Lubumbashi, ambayo bado iliitwa Élisabethville, kulikuwa na watu waliokuwa wamefanya kazi ya uboi na upishi katika nyumba za wazungu. Si maprofesa. Mmoja wao, André Yav, kwa niaba ya wenzake, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wao tangu mwanzo wa ukoloni hadi siku zao. Kwa Kiswahili kile kile walichozungumza jikoni na sokoni, bila kuomba ruhusa ya mwalimu wa lugha. Waliandika yale waliyoyaona wakiwa wamesimama nyuma ya meza wakati bwana anakula, na bwana alidhani hawasikii.

Lakini ona mwisho wake. Kazi ile ilikuja kuchapishwa kama kitabu mwaka 1990, nje ya Afrika, na mtaalamu Mjerumani Johannes Fabian, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Namshukuru, maana bila yeye pengine ingeliwa na mchwa. Lakini ni aibu yetu. Mpishi wa Lubumbashi aliandika kwa lugha yetu, na mimi, mwandishi wa lugha hiyo hiyo, nimemfahamu mwaka 2024 tu, kwa njia ya simu na kitabu cha ng'ambo.

Sasa nisikie ninavyojibiwa. Nilipokuwa nazungumza mambo haya Bulengo, mama mmoja aliyetoka Kitshanga aliniangalia akiwa anapuliza makala, akaniuliza: "Papa, kitabu kinapikwa?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini swali ni zito, sitalikimbia. Anayelala na njaa ana haki ya kuuliza kila kinacholetwa kama kinaliwa. Nikamuuliza: "Mama, shamba lako Kitshanga liko wapi?" Akaacha kupuliza moto. Akanieleza mipaka yote: linaanzia mtoni, linapanda hadi kwenye mti wa avoka, linageuka kwa jirani fulani, linaishia njiani. Baba mkwe wake alilipata kwa mbuzi na pombe mbele ya mashahidi watatu. Nikamuuliza mashahidi wako wapi. Wawili wamekwisha kufa. Wa tatu hajui kama yuko hai.

"Na karatasi?"

"Karatasi ya nini? Kila mtu anajua ni letu."

Mama, hicho ndicho kinachopikwa. Mwalimu mzee aliyeniazima kitabu aliniongezea nakala ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973. Sheria hiyo inasema udongo wote ni mali ya serikali. Kuhusu mashamba ya mila, yale ya mbuzi na pombe, ilisema haki zake zitapangwa na agizo la Rais. Hadi mwaka 2024, zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita bila agizo hilo kutoka. Katika mwanya huo, wenye kujua kusoma, wenye pesa na wenye rafiki ofisini walijiandikisha vilima vizima vya Masisi, wakaweka ng'ombe. Waliokuwa na maneno tu walijikuta vibarua juu ya makaburi ya babu zao. Vita hivi vina sababu nyingi na sitadanganya kwamba ni moja, lakini hiyo ni mojawapo, na ni sababu ya karatasi.

Siku amani itakaporudi, Mungu akijalia, watu waliokimbilia Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya watarudi Kitshanga, Kibumba, Rugari. Watakuta mtu shambani. Mtu huyo atakuwa na karatasi, ya kweli au ya uongo. Wewe utakuwa na nini? "Kila mtu anajua." Kila mtu nani? Kila mtu ametawanyika. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema hizo ni karatasi, zinaungua. Kweli. Sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa hilo. Nyiragongo ilishuka mwaka 2002 ikameza katikati ya mji, ikashuka tena mwaka 2021. Ndiyo maana nasema nakala mbili, na picha kwenye simu ya mtu mwingine. Wapo watakaosema kuandika kunaleta hatari. Hilo pia ni kweli, na mimi sitaki mtu afe kwa sababu ya makala yangu. Kwa hiyo usiandike aliyebeba bunduki ni nani. Usiandike siri ya jirani. Andika ya kwako tu. Wapo watakaosema mimi sijui kuandika. Una mtoto wa darasa la nne anayezunguka bila shule: mpe biki, kaa naye, wewe sema yeye aandike. Akikosea herufi haidhuru. Wapishi wa Lubumbashi hawakusubiri herufi nzuri.

Kaye ndogo haishindi bei ya fungu la makala. Ukurasa wa kwanza andika mlivyo: majina kamili ya watu wa nyumba, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kilima, jina la chifu. Ukurasa wa pili, shamba na nyumba: mipaka, majirani wa pande nne, aliyeuza au aliyetoa, mashahidi na kama wako hai. Ukurasa wa tatu, waliokufa: jina, siku, mahali walipozikwa, kazi waliyofanya wakiwa hai. Ukurasa wa nne, safari: siku mliyotoka, njia mliyopita, mlikolala. Kaye hiyo si hati ya shamba, na nisimdanganye mtu kwamba hakimu ataiinamia. Lakini kati ya mtu mwenye kumbukumbu iliyoandikwa siku hizi, na mtu atakayeanza kukumbuka baada ya miaka kumi akiwa na hofu mbele ya ofisi, wa kwanza ana pa kuanzia.

Na sisi wa redio na wa kuandika habari, tuache uvivu tunaouita haraka. Tukisema "watu saba", tutafute majina saba, na familia ikikubali tuyatangaze. Tukipata ripoti ya Kifaransa juu ya watu wetu, tuisome hewani kwa Kiswahili cha hapa, kidogo kidogo, kila juma. Hakuna wa kutuzuia isipokuwa uzoefu mbaya. Wenye vitabu majumbani, wakiwemo mapadri, wachungaji na walimu, wafungue makabati. Kitabu kilichofungiwa Goma kina tofauti gani na ushahidi wa Lontulu uliofungiwa Bruxelles?

Mwalimu wangu mzee aliposikia mipango yangu alinikatiza. Aliniambia wazungu waliandika juu yetu kwa sababu walitaka kitu, na sisi tutaanza kuandika siku tutakayojua tunataka nini. Nimelifikiria neno lake. Nadhani ninajua ninachotaka. Nataka mtoto wa Kanyaruchinya akiwa mtu mzima, akiulizwa babu yake alikuwa nani, asitumwe kutafuta jibu Geneva.

Kaye yangu nimekwisha kuianza. Ukurasa wa kwanza una majina kumi na moja ya watu niliowatangaza mwaka 2023 kama hesabu tu. Nimeyapata kwa kuzunguka hema kwa hema, nikiomba msamaha kabla ya kuuliza. Mengine bado sijayapata. Anayeyajua aje kuniambia, ananijua nilipo.